PhotoRec na TestDisk: uzoefu wangu na flashi zilizokataa kufunguka

Kati ya programu zote nilizojaribu kuokoa faili kwenye flashi, hizi mbili ndizo pekee ambazo sijawahi kuziondoa kwenye kompyuta ya kazi. Ni za bure kabisa. Hazikuonyeshi picha zako kwa mbali kisha zikakudai pesa ndipo uzipate. Aliyezianzisha ni Christophe Grenier, Mfaransa, na zinapakuliwa pamoja katika furushi moja. Hazihitaji hata kusakinishwa: unafungua folda, unabofya, zinaanza.

Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Watu huja kuchapisha barua za kazi na fomu za kila aina, lakini kazi inayonigusa zaidi ni vijitabu vya mazishi. Mwishoni mwa wiki ndipo watu wengi huku huzikwa, kwa hivyo Alhamisi na Ijumaa hapa hapakaliki. Flashi ikikataa siku hizo, familia nzima inasubiri mlangoni.

Kijana mmoja alifika kutoka Ahero akiwa na shangazi yake. Picha za nyanya yake pamoja na wasifu wa marehemu zilikuwa kwenye flashi moja, zimekusanywa kutoka kwa jamaa mbalimbali. Stima ilipotea wakati kompyuta ya mezani ilikuwa bado inanakili. Tangu hapo, kila kompyuta waliyojaribu iliwaambia kwamba ni lazima diski ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe na kupangwa upya. Namshukuru sana kijana yule kwa kuwa hakukubali. Alikuwa amebofya kufuta ujumbe ule kila mara, akachomoa flashi, akaja.

Kabla ya kufungua programu yoyote, mimi hutaka kujua kompyuta inaiona flashi kwa kiasi gani. Hapa ndipo watu wengi hupotezea muda, na mafundi wengine huwapotezea pesa. Naanza na tundu: kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele mara nyingi yamelegea au waya wake wa ndani ni dhaifu, kwa hivyo nachomeka nyuma, moja kwa moja kwenye ubao mkuu, bila kigawanyio cha USB. Kisha nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na X na kuchagua Disk Management, yaani orodha ya diski zote ambazo kompyuta inaziona. Dirisha hilo husema ukweli mwingi kuliko lile la kawaida la faili.

Ikiwa flashi inaonekana humo na ukubwa wake sahihi lakini haina herufi ya diski kama E au F, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Bofya kwa kitufe cha kulia, uipe herufi, itafunguka. Ikiwa ina ukubwa wake lakini imeandikwa RAW, maana yake Windows imeshindwa kusoma mpangilio wa faili, yaani kumbukumbu ya faili gani iko wapi. Data yenyewe huenda iko palepale. Hiyo ndiyo kazi ya PhotoRec na TestDisk. Ikiwa imeandikwa No Media, bila ukubwa wowote, chipu inayoongoza flashi haiwasiliani tena na chipu ya kumbukumbu, na hakuna programu ya kupakua itakayosaidia. Na isipoonekana kabisa, nenda Device Manager, orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa na kompyuta. Ukiikuta pale na alama ya njano na msimbo 43, iondoe kwenye orodha, chomoa, washa kompyuta upya, chomeka tena. Ikirudi vilevile kwenye kompyuta nyingine pia, tatizo liko ndani ya flashi, mara nyingi kwenye kichomekeo kilichopindwa au lehemu iliyoachia.

Ya Ahero ilikuwa RAW, ukubwa wake ukionekana sawasawa. Nilifurahi.

PhotoRec haijali mpangilio wa faili. Inapitia flashi kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG ina mwanzo wake, hati ya Word ina wake, PDF ina wake. Jina lake lisikudanganye kwamba ni ya picha tu, kwani inatambua zaidi ya viendelezi 480 vya faili. Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kwamba inasoma tu. Haiandiki chochote kwenye flashi unayookoa. Wewe ndiwe unayechagua mahali pa kuweka faili zinazotoka, na mahali hapo pawe kwenye diski ya kompyuta, kamwe pasiwe kwenye flashi ileile, maana utakuwa unafunika unachokitafuta.

Picha zilipoanza kutoka, shangazi alisogeza kiti karibu na skrini.

“Mwanangu, picha za mama zimo?”

“Zimo, mama. Majina ya faili ndiyo yaliyopotea, lakini picha zenyewe zipo.”

Na hilo la majina ndilo lalamiko langu kubwa. PhotoRec huweka kila kitu kwenye folda zinazoitwa recup_dir, zenye nambari, kila moja ikiwa na faili zisizozidi 500, na faili zenyewe hupewa majina ya herufi na tarakimu. Ukiona jina linaloanza na t, hiyo ni picha ndogo ya kuonjesha tu, usihangaike nayo. Linaloanza na b ni faili iliyovunjika. Tuliketi watatu tukipitia folda moja baada ya nyingine, kijana akitambua sura za jamaa, shangazi akisema ni mwaka gani na ilikuwa sherehe ya nani. Wasifu wa marehemu ulitoka mzima. Kijitabu kilichapishwa jioni ileile.

Sura ya programu nayo haivutii. Ni dirisha jeusi lenye maandishi ya Kiingereza, unasogea kwa vitufe vya mishale, na usipokuwa makini unaweza kuchagua diski ya kompyuta badala ya flashi. Mimi hutazama ukubwa: flashi ya GB 16 haiwezi kufanana na diski ya GB 500. Kuna toleo la QPhotoRec lenye vitufe vya kubofya kwa kipanya, na hilo ndilo ningempa mtu anayeanza.

TestDisk ni dada yake, na ina akili tofauti. Yenyewe hujaribu kurudisha mpangilio wa faili wenyewe. Flashi za FAT32, mpangilio unaotumika kwenye flashi nyingi, kwa kawaida huwa na nakala ya akiba ya sekta ya kuanzia, sehemu ya mwanzo inayoieleza kompyuta jinsi ya kuisoma flashi, na TestDisk inaweza kuitumia kurekebisha ile iliyoharibika. Ikifaulu, folda zako zinarudi na majina yake, jambo ambalo PhotoRec haiwezi. Lakini ukiiruhusu irekebishe, inaandika kwenye flashi. Kwa hiyo mimi naanza kwa kuorodhesha faili ndani ya TestDisk na kuzinakili kwenye kompyuta. Kurekebisha ni baadaye, baada ya kilicho muhimu kutoka.

Kuna flashi ambazo hazihitaji lolote kati ya haya. Ukiona folda zimegeuka njia za mkato, hicho ni kirusi, na faili zako zimefichwa tu. Safisha kirusi kwanza, kisha amri ya Windows iitwayo attrib itazifichua. Nyingine ni zile za bandia, zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikidai kubeba TB 2. Chipu yake imedanganywa iseme uongo kuhusu ukubwa. Ukijaza kupita uwezo wake wa kweli, faili mpya hazihifadhiwi popote, na PhotoRec haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa. Flashi mpya naipima kwanza kwa H2testw, nayo pia ni ya bure, inayoijaza yote na kuisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka.

Kwa wapiga video za harusi nina neno moja zaidi. PhotoRec inafanya vizuri pale faili ilipokaa mahali pamoja. Video ndefu mara nyingi hugawanyika vipande vilivyotawanyika kwenye kadi, na hapo inaweza kutoa video isiyocheza au inayokatika katikati. Aliye na kadi ya namna hiyo aanze na TestDisk, na asiirudishe kadi kwenye kamera mpaka faili zimetoka zote.