TAHADHARI: Dalali wa yoti anayeuza kwa "kilo za brosha", msilipe kabla boti haijapimwa

Wakuu habari za saa hizi. Naandika hii bado nina hasira so mnisamehe nikiruka ruka, ila kuna dalali anazunguka na yoti kuukuu za Wazungu upande wa Msasani pale Dar. Jina siweki. Utamjua kwa brosha, maana kila boti anayouza ina brosha yake ya zamani imewekwa kwenye plastiki safi, na kidole chake hakitoki kwenye mstari mmoja tu, ule wa uzito. Msimpe hata shilingi kwa sababu ya ile karatasi.

Yangu ilikuwa futi 28, faiba, ya Uingereza miaka ya 70, ina mikuku miwili, yale mapezi ya chini ya boti, ile ya kusimama yenyewe maji yakikupwa. Brosha inasema kilo 3,200. Mi na binamu yangu tulitaka kuileta Tanga tuwe tunapeleka wageni kisiwa cha Toten, na kusi lenyewe lingetusukuma mpaka nyumbani bila shida, ila waya za mlingoti zilishaanza kukatika nyuzi nyuzi tukaona tulaze mlingoti iende kwa lori. Hapo ndo 3,200 ikaanza kutuamulia kila kitu. Kenta tukakodi kwa hiyo namba, winchi tukaita kwa hiyo namba, mikanda ya kunyanyulia pia.

Siku ya kunyanyua boti imetoka majini nusu, ile winchi ya kwenye lori ikaanza kulia king'ora. Dereva akasimamisha. Kwa wasiojua, winchi ikiandikwa tani tano haimaanishi inabeba tano popote, mkono ukirefuka uwezo unashuka sana, na yeye alikuwa amepiga hesabu ya tani tatu na kidogo kwa umbali ule. Akashuka, akaizunguka boti, akaniangalia mimi akasema "bosi, hii tani tatu gani?" Tukairudisha majini. Hela ya siku hiyo ilienda yote, winchi, Kenta, vijana wanne, na mvua juu.

Siku ya pili tukaleta winchi kubwa yenye mizani ya kidijitali pale kwenye ndoano. Kabla ya hapo tulichota maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, ndoo kumi na mbili nzima, nikajua zitasaidia. Ikasoma kilo 4,310. Yaani tani moja na kilo mia na kumi zaidi ya brosha, na hapo mlingoti uko chini kwenye nyasi wala haukuwa kwenye ndoano!

Sasa nisije nikawaonea waliotengeneza. Brosha haidanganyi sana, inajibu swali ambalo wewe hukuuliza. Ile namba mara nyingi imetoka kwenye meza ya mchoraji kabla boti ya kwanza haijatoka kwenye kalibu, halafu inachapishwa hivyo hivyo kwa matoleo yote hata wakibadilisha injini au vyumba. Na ni boti tupu. Hakuna maji, hakuna dizeli, hakuna nanga ya ziada, hakuna mtu. Hata kiwango cha kimataifa, ISO 8666, kinatenganisha uzito wa chombo kitupu na uzito wa chombo kilichopakiwa, sasa muuzaji anachagua ule mwepesi kwa sababu boti nyepesi inaonekana ina mbio. Halafu faiba za miaka ile zilikuwa zinalazwa kwa mkono, mtu na brashi na ndoo ya rezini, fundi mmoja anaminya vizuri mwingine anamwaga tu, boti mbili za kalibu moja hazilingani.

Kosa ni la dalali, kwa sababu yeye alijua. Nitawaambia nilivyojua kwamba alijua.

Boti ilipokaa chini nikaanza kukwangua rangi ya chini, ile ya kuzuia viumbe wa baharini. Ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi miaka na miaka, vipande vinatoka vinene kama biskuti, huo nao ni uzito. Nikafika kwenye mstari wa maji, ule mchirizi mwekundu unaoonyesha boti inatakiwa kuzama mpaka wapi. Rangi yake mpya kabisa. Nikakwangua chini yake, sentimita nane chini, nikakuta mfereji mdogo umechongwa kwenye faiba yenyewe kuzunguka boti nzima. Huo ndo mstari wa kiwandani. Jamaa kaupandisha! Boti ilikuwa imezama kupita mstari wake, badala ya kusema ni nzito akachora mstari mpya juu ili ikielea ionekane imekaa sawa.

Na hizi sentimita nane ungeweza kuzipimia uzito bila winchi yoyote. Chukua urefu wa boti pale kwenye maji, yangu mita 7.3, mara upana pale pale kwenye maji, mita 2.6, halafu mara 0.7 kwa kuwa boti imechongoka haiko kama sanduku. Unapata eneo la mita za mraba 13 na kitu. Kila sentimita inayozama inasukuma maji ya chumvi ya eneo hilo, na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ni kama kilo 1,025, kwa hiyo sentimita moja ni kama kilo 136. Mara nane, kilo 1,090 hivi. Mizani ilisema ziada ni 1,110. Manahodha wa majahazi wanaangalia mbavu za chombo zilivyozama wanakwambia shehena imezidi, hawana kikokotozi, mimi na simu yangu ya laki sita nimeshindwa.

Dalili nyingine niliidharau mwenyewe. Siku ya kukagua tulisimama watatu kule tezi, yaani nyuma, pa kukalia, maji yakaanza kupanda kupitia yale matundu ya kutolea maji, yakalowesha viatu. Matundu yale yanatakiwa yawe juu ya bahari ili maji yatoke, yetu yalishakuwa usawa wa bahari. Dalali akacheka akasema "hiyo ni boti inawasalimia". Na mi nikacheka, mjinga mkubwa.

Tani yenyewe ilitoka wapi? Tulitoa kitu kimoja kimoja tukapima kwa mizani ya magunia. Mnyororo wa nanga mita 60 wa milimita 10 ulikuwa kilo 138, na nanga mbili juu. Tangi la maji lita 150 limejaa. Dizeli lita 70, hiyo ni kama kilo 59. Betri tatu za risasi kilo 84. Mitungi miwili ya gesi. Fremu ya chuma ya sola kule nyuma ambayo fundi fulani aliichomea kama anajenga geti la kanisa. Injini siyo ya asili, iliyokuwepo ilikuwa ya petroli ndogo wameweka dizeli nzito zaidi. Kuna sanduku la spea chini ya kitanda lina giaboksi nzima, ya boti gani sijui, siyo hii. Ukijumlisha vyote haifiki tani, na kilichobaki ndo kinachonisumbua maana hakitoki kwa kubeba. Kiko ndani ya boti yenyewe.

Nilipompigia dalali akaniambia soma cheti cha usajili, nilikwambia ni tani tano. Akanitumia picha kweli, cheti cha Uingereza, tani 5 na pointi. Wakuu, hapo ndo muwe makini zaidi, hiyo tani siyo uzito! Tani ya usajili ni kipimo cha nafasi ya ndani, futi za ujazo 100 ndo tani moja. Yaani anauza kwa brosha, ukilalamika anajitetea kwa cheti, na karatasi zote mbili hazikuambii boti ina kilo ngapi. Na akikuonyesha kibao cha CE, ile alama ya viwango vya Ulaya, kwenye zile zilizouzwa Ulaya baada ya katikati ya 1998, kile kinasema mzigo na watu wanaoruhusiwa, usisome kama uzito wa boti.

Mkitaka kununua, mwambieni mwenye boti winchi ije na mizani kwenye ndoano na muweke sharti la kilo kwenye karatasi ya mauziano. Akikataa, vaa maski ingia chini na kisu cha putty utafute mstari wa kwanza. Gonga sitaha kwa mpini wa bisibisi, pakilia pakavu sawa, pakilia kama unagonga papai bivu nenda nyumbani.

Sisi hela haijarudi. Boti tuliileta kwa Fuso, iko uani kwa binamu, wiki iliyopita tumekata sitaha kwa grenda pale mbele ya mlingoti. Katikati ya faiba mbili kuna mbao laini ya balsa, imetoka kama mkate uliodondokea kwenye chai, ukiminya maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Nilichukua kipande cha ukubwa wa daftari nikapima kwenye mizani ya jikoni, gramu 450. Nikakianika juu ya bati siku kumi. Leo asubuhi ni gramu 120, na bado sitaha nzima haijakatwa.