Aureus ya Faustina: nimeishika mkononi, naionaje

Mambo vipi wadau, leo sio simu wala spika, leo nipo kwa muuza sarafu za kale hapa London na kaniruhusu niwaonyeshe hii, ngoja niisogeze... mnaiona? Hii ni aureus, sarafu ya dhahabu ya Warumi, na huyu mama aliyesuka nywele zikazungushwa utosini kama kata ya kubebea ndoo ni Faustina, mke wa Kaisari Antoninus Pius.

Sasa cheki maandishi, DIVA FAVSTINA, U wao waliiandika V, na hilo neno DIVA, yani aliyefanywa mungu, ndo linakwambia sarafu imetoka akiwa ameshafariki, maana alikufa mwaka 140 na seneti ikatangaza amekuwa mungu. Alafu mumewe hakutoa toleo moja akaishia hapo, yani aliendelea, za dhahabu, za fedha, za shaba, mpaka yeye mwenyewe anafariki 161. Miaka 20 sura ya mkeo inapita mikononi mwa watu sokoni! Mimi hiki ndo kinanigusa kuliko dhahabu yenyewe.

Geuza nyuma: AVGVSTA, yani Augusta, cheo chake cha heshima, na huyu ni Ceres, mungu wao wa nafaka, kashika mwenge, mikunjo ya nguo bado unaihesabu.

Mizani imesoma gramu 7.2, ndo uzito wa za wakati ule, upana kama milimita 19, ndogo ila ukiiweka kiganjani unashtuka ilivyo nzito. Dhahabu karibu tupu hii, laini, kwahiyo shika ukingoni tu tafadhali usiguse uso. Enzi hizo moja ilikuwa sawa na denari 25 za fedha.

Kuhusu feki, angalieni ukingo kwa lenzi, za kumimina kwenye kalibu mara nyingi zinaacha mstari au vitundu vidogo vidogo, hii iligongwa kwa nyundo, ndo maana hata duara lake halijakaa sawa.

Kasoro: shavu na nywele za juu ya sikio zimelika. Kuna nyingine pale kwenye trei inang'aa kama jana, bei iko juu sana, ila mimi ningebeba hii iliyolika, kwasababu hii ilitumika, kuna watu walinunulia vitu na sura ya Faustina wakaipokezana.