Fremu na magurudumu ya pikipiki ya kale ya trayali: cha kununua na cha kuacha mjini Goma

Mwenye Yamaha TY 175 au Bultaco Sherpa T mjini Goma hukutana mapema na suala la fremu na magurudumu, kwa sababu mawe ya volkano ya Nyiragongo, ambayo lava yake mwaka 2002 ilifika hadi katikati ya mji, yana makali ya kukunja rimu na kuchosha viungo vya chuma. Pikipiki za trayali ziliundwa kupanda miamba polepole, dereva akiwa amesimama, hivyo badiliko dogo la kimo au pembe husikika mara moja kwenye usukani. Ndiyo maana nashauri fremu itangulie, magurudumu yafuate vipimo vyake.

Kwa upande wa fremu, ninaweka mbele fremu iliyotumika ya modeli ileile. Injini, tangi na mkono wa nyuma (unaoshika gurudumu la nyuma) huingia bila kuchomea kitu. Kabla ya kulipa, nyoosha uzi kutoka katikati ya shingo ya usukani hadi katikati ya ekseli ya nyuma, uangalie kama umbali wake na mirija ya kushoto na ya kulia ni sawa. Kisha futa kwa kitambaa chenye petroli chini ya shingo na pale vikanyagio vinaposhikiliwa, kwani ufa hujitokeza hapo kama mstari mwembamba wa kutu. Ukikuta rangi mpya nzito mahali hapo tu, ondoka. Namba iliyogongwa kwenye fremu lazima ilingane na hati za muuzaji.

Fremu mpya za kuigiza, kama zile za mtindo wa Majesty zilizobuniwa Uingereza kwa ajili ya Yamaha TY, ninaziweka nafasi ya pili: ni nzuri, lakini usafirishaji na ushuru vinaweza kuipita bei ya fremu yenyewe. Fremu iliyokatwa na kuchomewa shingoni haina nafasi katika orodha yangu, hata fundi awe hodari namna gani.

Magurudumu ndiyo yanayohitaji fikira zaidi. Kipimo cha kawaida ni tairi la 2.75-21 mbele na 4.00-18 nyuma (namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi). Chaguo bora ni kubaki na habu (vitovu vya magurudumu) zako za asili, zikiwa na beringi mpya, na kuzifunga kwa rimu na spoki mpya. Hesabu matundu ya habu kabla ya kuagiza, na upime spoki za pande zote mbili, kwani urefu unaweza kutofautiana. Rimu ya alumini ni nyepesi na haishiki kutu. Ya chuma ni nzito, ila bei yake ni nafuu.

Gurudumu zima la Yamaha DT 125 au Honda XL 125 la inchi 21 na 18 linafuata, nami ninaliheshimu kwa kuwa ni rahisi kulipata likiwa limetumika. Hata hivyo, ekseli, bushi za pembeni na mkono wa kuzuia breki vipimwe upya, na sproketi ya nyuma isimame mstari mmoja na ya mbele, la sivyo mnyororo utakula meno.

Rimu za inchi 17 za pikipiki za abiria, zinazouzwa kila mahali, ziache. Mbele, rimu ya namna hiyo hushusha ekseli kwa takriban sentimita 5, na injini inaanza kugonga mawe.

Kwenye mwamba hewa ya tairi hupunguzwa sana, kwa hiyo rimu ya nyuma iwe na tundu la kibano cha kuzuia tairi lisiteleze na kung'oa vali ya mpira wa ndani. Unapotembea mjini, jaza hewa tena. Gurudumu likishafungwa, lizungushe karibu na waya uliofungwa kwenye foki. Likiyumba zaidi ya milimita 2, lirudi kwa fundi. Gonga kila spoki kwa spana: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio mzito. Rudia kipimo hicho baada ya safari ya kwanza, kwani spoki mpya hulegea zinapokaa mahali pake.