Pampu ya sola ya mkopo: "Mama, mfumo haudanganyi"

Pampu yenyewe haina ubaya. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira zikinipanda, na zitanipanda, sitalikumbuka tena. Inavuta maji vizuri, haina kelele, hainywi petroli. Ingekuwa naandika habari ya pampu tu, ningeisifu nikaenda zangu shambani. Lakini pampu ya mkopo haiuzwi peke yake. Ukiinunua umenunua na kampuni, na ufunguo wa maji yako unakaa mjini kwa watu ambao hawajawahi kuliona shamba lako.

Kwa asiyejua: unatoa kianzio, wanakuja kukufungia paneli, kontrola (kisanduku kinachoiwasha na kuizima pampu) na pampu kisimani, halafu kila mwezi unatuma pesa kwa simu. Ukituma, kontrola inafunguka. Ukichelewa, inajifunga yenyewe, taa nyekundu inawaka, maji hakuna. Sikatai, deni ni deni. Kile kifungu cha kufungiwa nilikisoma kabla ya kutia sahihi, tena nilimsomea na mama mkwe kwa sauti. Kinachoniuma ni kwamba mimi nililipa.

Kijana wa mauzo alitukuta kwenye mkutano wa kijiji, huku Same tambarare, chini ya milima ya Upare. Alianza na mambo ya dunia: eti asilimia 20 tu ya ardhi inayolimwa duniani ndiyo inayomwagiliwa, na hiyo hiyo inatoa asilimia 40 ya chakula. Akaja Tanzania: hekta milioni 29.4 zinafaa kwa umwagiliaji! Watu wakapiga makofi. Bwana shamba wetu, aliyekuwa amekaa nyuma, akamkumbusha kwamba zinazohesabiwa kuwa na uwezo mkubwa ni milioni 2.3 tu. Kijana akacheka, akaruka kwenye bei. Hakuuliza hata mmoja wetu kama ana kibali cha maji cha Bonde la Pangani. Mimi ninacho, lakini si angeuliza?

Aliyenishawishi hasa ni huyo bwana shamba, na kijiti chake. Alichora mraba mavumbini akasema: mama, maji ya kimo cha milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Robo eka yako ni mita za mraba 1,000 na ushee. Nyanya zikishakua, kwa jua hili na huu upepo wa Same, zinataka kama milimita 5 kwa siku. Basi hesabu. Nikahesabu: lita 5,000. Tangi moja jeusi. Pampu ikipata jua la saa tatu hadi saa tisa inalijaza, jioni unafungua koki, mipira ya matone inafanya kazi wewe ukisonga ugali. Miaka yote nimelima, sijawahi kuambiwa kwa lita shamba langu linakunywa kiasi gani.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa ndiva. Msio Wapare, ndiva ni bwawa dogo la wazee: linakusanya maji ya kijito usiku, asubuhi linafunguliwa, yanashuka kwa mfereji, kila mtu kwa zamu yake. Ni akili kubwa ile, nani atamwagilia usiku kwenye giza na nyoka? Ila kiangazi kikikaza, zamu inazunguka polepole mno, na sisi wa chini kwenye mkia wa mfereji tunapata makombo, maana mengi yamekwisha kunywewa na udongo njiani. Nikajaribu kukodi mashine ya petroli. Lita ilipovuka shilingi 3,000 nikaona ninawalimia wenye sheli.

Na shida ya huku, tusidanganyane, siyo mvua kuwa kidogo tu. Mahindi yetu yanauawa na zile wiki mbili kavu zinazoangukia yakiwa yanatoa mbelewele. Mvua ikirudi baada ya hapo, unavuna mabua. Kuna watafiti walikaa bonde la Makanya, huku huku Same, miaka ya 2000 wakipima maji ya ndiva na mahindi ya watu, na wazee wakawa wanawaambia jambo hilo hilo. Maji machache siku yanapotakiwa yanashinda maji mengi wiki inayofuata. Shikeni hilo, kwa sababu ndipo kampuni iliponichoma kisu.

Nyanya zangu zilikuwa zimechanua, za chini zimeanza kufunga. Ilikuwa kiangazi, vuli bado iko mbali. Nikalipa kama kawaida, meseji ya muamala ikaingia, nikaihifadhi. Sijui ilikuwa siku ngapi baadaye, natoka asubuhi naona taa nyekundu. Nikadhani wingu. Hakukuwa na wingu hata la kusingizia.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya kusikiliza muziki wao mpaka salio likalia, akapokea kijana.

"Mama, akaunti yako inadaiwa."

Nikamwambia, mwanangu, nimelipa, meseji ninayo hapa.

"Mimi naangalia mfumo, mama. Mfumo hauonyeshi malipo."

Nikamsomea namba ya muamala, herufi moja moja, tarakimu moja moja. Akasema labda nilituma kwa namba ambayo si yao. Nikamwambia nimetuma palepale ninapotuma kila mwezi, na jina la kampuni yenu limeandikwa humu. Hapo akavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, akasema:

"Mama, mfumo haudanganyi."

Sasa kama mfumo haudanganyi, anayedanganya ni nani? Kwenye maneno hayo tuko wawili tu, mimi na mfumo. Mimi ni mweka hazina wa VICOBA yetu miaka na miaka, sanduku limelala chumbani kwangu na senti ya mtu haijawahi kupotea. Leo kijana ambaye pengine mama yake ni mkubwa mwenzangu ananiita mwongo kwa upole, tena kwa salio langu! Nikamwambia maua yataanguka. Unajua alinijibu nini? "Kwani huko kwenu mvua hainyeshi?" Same! Mahali ambapo abiria wa mabasi ya Arusha na Dar wakipita wanafunga dirisha kwa vumbi, hawaoni ila miiba na mkonge. Nikakata simu. Nilitaka kusema neno ambalo kanisani ningelitubu.

Tukarudi kwenye madumu. Lita 5,000 ni madumu 250 ya lita ishirini. Nani atachota madumu 250 kwa kamba, kila siku? Nilimchukua mtoto wa shemeji na toroli lake, mimi kisimani, yeye kwenye matuta, tukawa tunamwaga kikombe kwenye kila shina, tukianza na mistari iliyobeba zaidi. Mistari ya pembeni tuliitoa sadaka. Unaona kabisa majani yanajikunja saa nne asubuhi, jioni yananyooka kidogo, kesho yake hayanyooki. Maua ukiyagusa yanabaki kidoleni, na kikonyo kimeshakauka rangi ya tumbaku. Na pale juu paneli zinameta kwa jua lote hilo la Mungu, na maji yako kisimani nayaona kwa macho yangu. Ukame ningeusamehe. Huu haukuwa ukame.

Niliendelea kupiga. Mara dada mmoja mpole, akasema "tumelipeleka mbele". Mbele wapi? Mara yule yule kijana tena, na safari hii nikamweleza kwamba hata matunda yaliyobaki yanaanza kuwa meusi kitakoni. Akaniambia, bila aibu: "Hiyo ni kantangaze mama, piga dawa." Kantangaze! Mtoto wa darasa la tatu huku anajua kazi ya kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, anachimba barabara ndani ya jani na kutoboa tunda vitundu vya pini. Kitako kuwa cheusi ni maji kuja na kukatika, mmea unashindwa kupeleka madini ya chokaa kwenye tunda. Bwana shamba alilithibitisha kwa kuangalia mara moja. Kwa hiyo kampuni imenifungia maji, tunda limeoza kwa kukosa maji, halafu ninashauriwa ninunue dawa ya wadudu.

Mwishowe akaja fundi wao kwa bodaboda kutoka Moshi. Huyu simlaumu, kijana ana adabu, alisalimia wazee, akala na ugali. Alifungua kisanduku cha kontrola, akapiga picha namba ya nyuma, akakaa kimya kidogo na simu yake. Kumbe siku waliyokuja kufunga pampu mbili kwa mpigo, walizichanganya namba za kontrola wakati wa kuandikisha. Malipo yangu yalikuwa yanakwenda kwenye kontrola ya mtu mwingine, na ya kwake yanakuja kwangu. Miezi yote hiyo hakuna aliyegundua kwa sababu sote wawili tulikuwa tunalipa kwa wakati. Mwezi ule mwenzangu akakwama, mimi ndiye nikafungiwa. Yuko mkulima mahali fulani, Mungu ambariki, alimwagilia kwa hela yangu bila kujua, na sina neno naye. Ila naomba yule kijana wa simu asome hapa: mfumo ulidanganya. Nyie wenyewe mliufundisha uongo, halafu mkaniita mimi mwongo.

Msamaha? Walinipa siku kadhaa za bure za kufungua pampu. Nyanya zilizoanguka hawakuziuliza.

Hapa nilikuwa nimepanga kuandika "msinunue" kwa herufi kubwa na kumaliza. Lakini nikiwa mkweli, hata baada ya balaa lote hilo, nilivuna. Matenga yaliyopatikana yalikuwa machache kuliko nilivyotarajia, lakini yaliingia sokoni kabla ya wale wanaosubiri mvua, wakati madalali wanakufuata wewe nyumbani badala ya wewe kuwabembeleza. Bei ya wakati ule huwezi kuilinganisha na ya msimu ambapo kila mtu ana nyanya na tenga linauzwa kwa huruma. Ada ya mtoto ililipwa kwa mkupuo. Robo eka ile kwa mvua peke yake ingenipa mahindi ya kukopesha kuku. Na sasa nina kitunguu kitaluni, na pembeni nimepanda fiwi, jamii ya maharage, ambazo Wakenya wanazitaka. Mwaka mmoja, ardhi ile ile, imebeba zaidi ya mara moja. Kwa hiyo sio kweli kwamba pampu hazisaidii. Zinasaidia mno, na ndiyo maana kufungiwa kunauma hivi. Ungenifungia redio ningecheka.

Basi nilikuwa nimeshapoa, nawaza niwape nyota tatu, na meseji ikaingia: "Mpendwa mteja, akaunti yako ina faini ya kuchelewesha malipo." Faini! Ya mwezi ule ule! Nyota zangu narudisha zote.

Wazee wa ndiva nao wanatoza faini, nisije nikawapamba. Ukikosa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kutoa tope bwawani, unalipa na zamu yako inarukwa, na kuna mwaka nilirukwa mimi kwa maneno ya mtu. Lakini nilijifunga kanga nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti wa ndiva, nikasimama uani mpaka akatoka. Tukagombana mbele ya mkewe. Akaita wawili waliokuwepo siku ile, ikathibitika nilikuwepo na jembe langu, jioni nikapewa maji. Jirani yangu aliyenicheka nikiwa na madumu bado yuko kwenye mfereji, maji yake ni kidogo na yanachelewa, lakini akinyimwa anajua mlango wa kugonga. Mimi nikigonga, unapokea muziki.

Ukiamua kununua, na siwezi kukukataza, fundi akimaliza kufunga usimwache aondoke. Chukua picha ya namba iliyo nyuma ya kontrola, mwambie akuonyeshe kwenye simu yake kwamba ndiyo iliyoandikishwa kwa jina lako. Chukua namba yake binafsi ya simu. Dai waandike kwenye mkataba kwamba ukionyesha muamala, pampu inabaki wazi wakati wao wanatafuta kosa lao. Watakuambia haiwezekani. Mimi waliniambia haiwezekani, na yule fundi akaniambia kwa sauti ya chini inawezekana kwa kubonyeza mara moja tu. Weka na tangi kubwa kuliko wanavyokushauri, udongo wa kichanga hausubiri mtu. Chujio la mipira ya matone lisafishe kila mara, hilo halina hadithi.

Deni langu limebaki kidogo. Nikilimaliza sitaki kile kisanduku chenye kufuli hata kama wanasema baada ya kumaliza kinabaki wazi milele, maana anayesema ni mfumo. Anayejua duka la Moshi au Same linalouza kontrola ya kawaida, ya kuwasha na kuzima kwa mkono, inayokubali pampu ya sola ya kisimani, naomba aniambie bei yake.