Njia ya Marangu wakati wa kipupwe, kwa jamaa wenye nguvu zisizolingana

Tuliondoka Unguja mwezi wa Julai tukiwa watu saba wa ukoo mmoja: shangazi yangu mwenye umri wa miaka 63, shemeji anayesumbuliwa na goti, dada yangu na binti yake wa miaka 12, wapwa wawili wanaocheza mpira kila jioni, na mimi. Sote tumekulia katika kisiwa ambacho vilima vyake havifiki hata mita 150, kwa hiyo hapakuwa na aliyejua mwili wake utamfanyia nini akishapita mita 3,000 za Mlima Kilimanjaro.

Wakala wa kwanza tuliyemwendea Mji Mkongwe alitaka kutuuzia safari moja ya siku tano hadi kileleni, sote kwa pamoja, bila ya kuuliza umri wa mtu wala maradhi yake. Wa pili alimuuliza kila mmoja peke yake anatumia dawa gani, anapanda ngazi za ghorofa ngapi bila ya kupumzika, na je, ataona vibaya akirudi njiani? Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimwamini. Alitushauri tufuate Marangu na tugawike mafungu matatu.

Sababu yake ilikuwa nzuri, na baada ya kuipita njia hiyo naiona kuwa nzuri zaidi. Anayepanda kwa Machame, njia nyingine ya mlima huo, hushukia njia ya Mweka, kwa hiyo kundi likishagawika ni vigumu kukutana tena. Marangu hupandwa na kushukwa kwa njia ile ile, na anayechoka hugeuka tu, akarudi kwenye kibanda alichokwisha kukiona. Tena ndiyo njia pekee ambayo wapandaji hulala katika vibanda vyenye vitanda badala ya mahema, jambo ambalo mtu wa pwani hulishukuru sana usiku wa kipupwe.

Fungu la kwanza, shangazi na shemeji, lilikwenda Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda, na kurudi siku hiyo hiyo. Kutoka lango la Marangu hadi Mandara, kwenye mita 2,720, ni mwendo wa kilomita nane hivi ndani ya msitu wenye unyevu, ambamo kima hupita juu ya vichwa na matawi yamefunikwa kuvu zinazoning'inia kama ndevu. Mwinuko ni wa taratibu. Watu wengi hutumia saa tatu au nne, shangazi alitumia tano na nusu, na kiongozi wake hakumharakisha hata mara moja, bali kila alipomwona anahema alimwambia, "Bibi, tupumzike, mlima hauhami." Walipofika walikula, kisha wakatembea robo saa zaidi hadi kasoko ya Maundi, na shangazi akaitazama nchi iliyo chini yake kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Kuteremka ndiko kulikomtesa shemeji, kwa sababu goti huumia zaidi katika kushuka, na ningependa wakala angemwambia mapema achukue fimbo mbili.

Dada, binti yake na mimi tulifika Horombo, kituo cha pili cha vibanda, mita 3,720, tukalala huko usiku wa pili na wa tatu. Ile siku ya katikati, ambayo hutumiwa kuuzoesha mwili kwa kutembea hadi Mawe ya Pundamilia na kurudi, ni nyongeza inayofanya safari iwe ya siku sita badala ya tano, nami namsihi kila mtu asiiache ili kuokoa fedha. Binti aliumwa kichwa usiku wa kwanza, na asubuhi ya siku hiyo alikuwa mzima.

Wapwa waliendelea hadi Kibo, kituo cha mwisho cha vibanda. Mmoja alifika Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895. Mwenzake alianza kutapika karibu na Gilman's, mahali pa ukingo wa kasoko kabla ya kilele, na kiongozi akamteremsha papo hapo, kwani dawa ya uhakika ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka.

Ubaya upo. Kila fungu linahitaji kiongozi wake, na gharama hiyo haikuwamo katika hesabu ya mwanzo; bakshishi ya wapagazi nayo tuliambiwa tulipofika Moshi. Kipupwe huwa hakina mvua nyingi, lakini usiku wa kileleni baridi hushuka chini kabisa ya sifuri, na glavu tulizokodishiwa zilikuwa nyembamba. Majaketi tuliyoyanunua wenyewe kwenye mitumba Darajani yalitufaa kuliko yale ya kukodi. Mpwa aliyefika Uhuru alivaa soksi mikononi juu ya glavu zake, na vidole vilimfa ganzi kwa siku mbili.

Shangazi anataka kurudi Julai ijayo alale Mandara. Nimeshamwendea wakala yule yule, na safari hii nimedai gharama zote ziandikwe kabla ya kulipa.