Vipeuo vya namba hasi: Maxima au SymPy?

Zote mbili ni programu za kompyuta za kufanyia hesabu (SymPy hutumika ndani ya lugha ya Python), zote ni za bure, na ukishazipakua hazijali bando likikata ukiwa Kimara. Tofauti inaanza ukiziuliza kipeuo cha pili cha -8. SymPy inajibu 2*sqrt(2)*I (I, au i, ni kipeuo cha pili cha -1), karibu sawa na mwalimu wa kidato cha sita anavyoandika ubaoni. Maxima inajibu 2^(3/2)*%i. Jibu ni lilelile, ila hiyo alama ya asilimia mbele ya i utadhani umeletewa riba ya mkopo.

Patamu ni kwenye kipeuo cha tatu. Iandikie Maxima (-8)^(1/3), inakupa -2 papo hapo, maana kwa kawaida yake hubaki kwenye namba halisi inapowezekana. SymPy, ukiiandikia (-8)**Rational(1, 3), inarudisha 2*(-1)**(1/3). Unaweza kudhani imeishia njiani. Wapi! Imechagua kipeuo kikuu, kimoja kati ya vitatu vilivyopo katika namba changamano (zile zenye i), yaani 1 + i√3, ikakiacha bila kukifungua. Ukitaka -2, iombe real_root(-8, 3).

Maxima nayo inageuzika itoe namba changamano: weka domain: complex, kisha m1pbranch: true, jina ambalo sijui nani angelikisia.

Kwa mtoto wa sekondari anayetaka jibu la daftarini, mpe Maxima. Aliyeko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa kwanza, tayari anaandika Python, achukue SymPy; jibu lake la ajabu ndilo atakaloulizwa darasani.