Mfuko wa petroli wa lita 100 kwenye boti ya faiba, miezi 8 Mafia hadi Kilwa

Wakuu salamu. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye boti ndogo, maana kabla sijanunua hiki kitu nilitafuta mtu aliyekitumia kwenye bahari yetu nikakosa. Boti yangu ni faiba ya mita 7, mashine Yamaha ya nguvu farasi 40 ile ya kuchanganya petroli na oili, napiga Kilindoni na Kilwa Masoko, zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, na tangi lililokuja na mashine ni lile jekundu la lita 24. Yaani bila mafuta ya ziada hata nusu ya njia sifiki.

Hesabu yangu iko hivi: mzigo wa kawaida, mashine sijaifungua mpaka mwisho, inakula kama lita 14 kwa saa na safari ni masaa manne bahari ikiwa nzuri. 56 za kwenda, 56 za kurudi, na 56 nyingine sizigusi, hizo ni za siku kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, inanikamata njiani au mkondo unanirudisha nyuma. Jumla 168. Nahodha aliyenifundisha kazi alikuwa anagawa hivyo hivyo mafungu matatu na mimi sijawahi kupunguza, Kilwa mafuta yapo ndio lakini sitaki kurudi kwangu nyumbani kutegemee kituo kina petroli siku hiyo au hakina.

Zamani nilikuwa nabeba madumu, saba mpaka nane, mengine yale ya njano ya mafuta ya kula ambayo jua likipiga yanavimba tumbo na vifuniko vinaanza kuvuja. Lakini shida kubwa sio madumu yenyewe jamani, shida ni kumimina katikati ya bahari. Boti inayumba, mmoja kashika dumu mwingine faneli, petroli inamwagika sakafuni inateremka mpaka ngamani, kule chini kabisa ya boti maji yanakokusanyika, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukapeperushwa na upepo, unakaa kulekule chini unasubiri cheche. Siku moja abiria aliwasha sigara kijana wangu akiwa anamimina, nilimrukia nikaizima kwa kiganja. Usiku ule sikulala, asubuhi nikaanza kutafuta njia nyingine.

Ndo nikaagiza huu mfuko. Ni mpira mgumu uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, unalala chini kama godoro, una pete pembeni za kufungia mikanda. Nimeulaza katikati ya boti chini kabisa, mpira wa mafuta nimeupeleka moja kwa moja kwenye mashine kupitia filta ya kutenganisha maji, na koki ya kubadilisha kutoka mfuko kwenda tangi jekundu. Mfuko ukiisha nageuza koki tu. Dumu lolote halifunguliwi tukiwa baharini, na kwangu hilo peke yake limelipa pesa yote. Kingine nilichokipenda, mafuta yakipungua mfuko unasinyaa wenyewe, hewa haiingii, na maji ninayoyaona kwenye filta siku hizi ni kidogo sana kuliko enzi za madumu.

Sasa ubaya wake. Kile kiungo cha plastiki cha mpira wa mafuta kilianza kutoa jasho safari ya tatu, harufu tu kwanza kisha unyevu, nikabadilisha oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, na kuweka kilipu ya chuma, toka hapo kikavu. Muuzaji alitakiwa kuweka kiungo cha shaba toka mwanzo, sio kitu cha kubana bei hiki. Halafu hauna geji, unakadiria kwa kubonyeza na kuangalia saa. Ukifika nusu na bahari imechafuka unasukasuka kama hujaukaza, kwa hiyo mikanda naikaza tena kila saa, na ndio maana naanza nao kuumaliza kabla ya tangi.

Kuujaza pia kunataka utulivu. Ukijaa ni kilo 74 hivi za petroli tupu, hauunyanyui kwenda nao kituoni, unaujazia botini. Oili nachanganya kwanza nchi kavu kwenye dumu, mililita 400 kwa lita 20, natikisa, ndo namimina, maana humo ndani huwezi kutikisa kitu. Abiria wote wanakuwa bado ufukweni, na siujazi mpaka juu, joto la mchana linatanua mafuta. Juu nafunika turubai lenye maji.

Hata hivyo 24 na 100 ni 124, kwa hiyo bado nabeba madumu matatu ya lita 20, yale mazito ya petroli yenyewe, yamefungwa kule tezi, nyuma ya boti, ni ile akiba na kwa miezi yote 8 nimeyafungua mara moja tu, tena tukiwa tumetia nanga kisiwa cha Songosongo.

Kama safari zako zinaisha na lita 50 usinunue, ongeza tangi jekundu la pili tu. Mimi nikipata wa lita 140 wenye kiungo cha shaba nauchukua kabla kusi haijarudi.